Naomba ushauri: nimwongozeje mwanafunzi anayetetea kutofungamana?

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Nairobi, upande wa Eastlands, na nasimamia chama cha mdahalo shuleni. Ijumaa wanafunzi watajadili hoja hii: dunia ikichafuka, nchi ndogo ijiunge na muungano wa kijeshi au isifungamane na upande wowote?

Wanaotetea kujiunga wamepata mfano mzito. Finland, yenye mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi, ilikaa nje ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, miaka yote ya Vita Baridi. Ukraine ilipovamiwa Februari 2022, maoni ya raia wa Finland yakageuka kwa kasi, na Aprili 2023 nchi hiyo ikaingia NATO. Sweden ikafuata Machi 2024.

Msichana anayeongoza upande wa pili ndiye ananikosesha usingizi. Ameanzia mkutano wa Belgrade wa 1961, ule wa kwanza wa nchi zisizofungamana na upande wowote, vizuri kabisa, lakini wenzake wanamkumbusha kwamba Juni 2024 Marekani iliitangaza Kenya mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO. Nijuavyo, hadhi hiyo haina ahadi ya kulindwa vitani. Hasa hufungua mlango wa vifaa na mafunzo. Je, ashikilie hapo? Au aitumie India, inayonunua silaha za Urusi na bado imo katika Quad, kundi la ushirikiano wa kiusalama, pamoja na Marekani, Japani na Australia?

Ana akili sana huyu mtoto, sitaki akariri maoni yangu. Walimu wenzangu, nanyi mnaofuatilia mambo haya, mngemwelekeza wapi?