Mikuyu ya mwaloni ikatwe au iachwe?

Mwanamwalo: Wadau salaam. Mwaloni kwetu, ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, nje kidogo ya jiji la Mwanza, kuna mikuyu mitatu ya tangu enzi za babu. Mnandi, yangeyange na korongo wanalala humo na kuzaa humo. Jumapili kikao kimependekeza ikatwe: eti kinyesi kinaharibu dagaa na ndege wanamaliza samaki. Mimi napinga. Miti mikubwa ya ufukweni imebaki michache, na hifadhi ya kisiwa cha Saanane yenyewe haifiki hata kilomita tatu za mraba. Ndege waende wapi? Semeni.

Mzee wa Karabai: Ikatwe. Nimevua miaka thelathini. Zamani tukitoka gizani tunarudi mtumbwi umelala kwa uzito. Sasa hata siku zisizo na mbalamwezi, ambazo dagaa hufuata taa zetu, tunarudi na ndoo za kuhesabu. Mnandi mmoja anazama mara ngapi kwa siku? Pale wapo mamia.

Furu wa Zamani: Shikamoo mzee. Lakini mnandi havuti kokoro, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni. Hata mdiria, ndege mwingine mla samaki wa ziwa hili, alikuwa anakula furu, wale samaki wadogo. Sangara akaletwa, miaka ya 80 furu wakapukutika, na watafiti waliokuwa Ghuba ya Mwanza wakaona mdiria amegeukia dagaa. Tuliomharibia chakula ni sisi. Na hao dagaa mnawaanika mchangani pamoja na mavi ya mbwa, halafu tatizo liwe kinyesi cha yangeyange?

Mama Wawili: Mavi ya mbwa umeyaona kwangu? Naamka saa kumi alfajiri, nafagia, natandika nyavu kuukuu, nageuza dagaa mara tatu kabla ya saa sita. Mvua ikinikuta nawatoa kwa bei ya chakula cha kuku. Wewe uliinama lini kwenye lile jua?

Furu wa Zamani: Sikukutaja wewe mama.

Mama Wawili: Umeandika "mnawaanika". Wanaoanika ni sisi. Hakuna wengine.

Kijana wa Kirumba: Dawa ni chanja, kichaga cha kuanikia juu ya ardhi. Dagaa wa chanja hana mchanga, na mnunuzi akimtafuna mmoja tu pale sokoni anajua, bei inapanda.

Mama Wawili: Mbao nanunua kwa nini, mwanangu? Na chanja ndiyo ndege wanapenda kutua. Inabidi umweke mtoto alinde.

Kijana wa Kirumba: Mtoto wa shule?

Mama Wawili: Wangu wanasoma wote wawili. Usinitafutie kesi.

Mwanamwalo: Jamani, miti! Jana nimepanda mkuyu wa katikati. Mnandi alikuwa ananing'inia kwa mguu, kipande cha timba, zile nyavu haramu za uzi wa plastiki, kimemkaza hadi mfupa umeonekana. Tumboni hamna kitu. Chini yake kinda wawili hai, midomo wazi. Huyo ndiye anayetumalizia samaki?

Mzee wa Karabai: Timba si zangu. Sijawahi kuzitia majini, na anayezitumia namjua na nimeshamsema mbele ya watu. Usinichanganye na wezi.

Mwanamwalo: Sikuchanganyi mzee. Nasema tumwadhibu mwenye timba, si mnandi.

Furu wa Zamani: Mama, nisamehe kwa lile neno. Chanja ya kwanza si lazima mbao. Miti ya kawaida, kimo cha kiuno, juu nyavu kuukuu ileile unayotandika chini. Upepo unapita chini, dagaa wanakauka upesi. Ukiisogeza mbali na matawi, kinyesi hakikufikii.

Mama Wawili: Hapo umesema la maana. Nami niseme langu: kivuli cha mkuyu ule mkubwa ndiko tunakochambulia dagaa, wanawake zaidi ya ishirini. Ukikatwa tutakaa wapi mchana? Kwenye kikao hakuna aliyetuuliza.

Mzee wa Karabai: Hilo kweli halikusemwa. Kikao kingine ni Jumapili saa nne. Njoo useme.

Mama Wawili: Saa nne dagaa wako juani, baba. Nani atawageuza? Wekeni jioni.