Naomba ushauri: mchanga wa choo cha paka anayeishi ghorofani

Wakuu, habari. Naomba ushauri kwa wanaofuga paka wa ndani, nyumba isiyo na uwanja.

Mchanga wa dukani, ule wa udongo unaogandamana, ni mzuri: mkojo unakuwa donge, unachota donge, uliobaki unaendelea kutumika. Shida ni bei. Natafuta mbadala.

Mchanga wa ujenzi uliochekechwa haunyonyi. Mkojo unashuka hadi kwenye sakafu ya beseni, na kesho yake amonia inachoma pua. Maganda ya mpunga ni mepesi mno, yanatapakaa hadi sebuleni. Kinachonivutia ni maranda ya fundi seremala, yananyonya vizuri. Ila yakija na unga wa msumeno paka anapiga chafya, na mbao iliyotiwa dawa ya mchwa siitaki kabisa, maana paka hulamba nyayo zake.

Aliyetumia maranda anisaidie: unaweka kina gani? Sentimita 5 zinatosha, au zifike 7? Ukichanganya na mchanga, uwiano upi? Na unambadilishiaje kidogo kidogo bila paka kususa beseni na kuhamia kwenye zulia?

Pia beseni mnaoshea nini? Dawa ya klorini naiogopa, ikikutana na mkojo inatoa hewa ya sumu. Kinyesi kinatolewa kila siku, kwani vijidudu vya toksoplasma, vinavyotoka na kinyesi cha paka na ni hatari kwa mimba, huanza kuambukiza baada ya siku 1 hadi 5, na humu ndani kuna mjamzito. Yeye hagusi beseni.