Mnyama wa usiku anakula mayai ya bata Luchelele: ni rakuni? Naruhusiwa kumtega?

Mwenye Bata:
Wakuu, salaam. Nafuga bata Luchelele, Mwanza, banda liko mita kama hamsini toka ziwani, katikati ni matete na mawe. Tangu mvua zianze mayai yanapotea usiku, na juzi bata jike kaliwa nusu. Kwenye tope naona nyayo za vidole vitano vilivyotanuka, na kucha zimechoma mbele. Maganda nayakuta yote chini ya jiwe moja. Mpwa wangu kanionyesha video ya rakuni, anaapa ndiye. Jirani anashauri sumu kwenye utumbo wa sangara. Mimi nimeshakata waya wa kitanzi, na kuna mtu kaniambia ngozi ina soko. Ni mnyama gani huyu, na sheria inasemaje?

Kamanga Ferry:
Rakuni kashukia bandari gani mkuu? 😂 Huyo ni paka wa jirani.

Askari Mstaafu:
Paka hapasui mayai juu ya jiwe. Mwenye Bata, rakuni ni wa bara la Amerika. Waliko kwingine wamepelekwa na watu. Ujerumani waliachiwa mwaka 1934 karibu na bwawa la Edersee, wakazaana mpaka wamekuwa kero. Na huko kwao Marekani usidhani kila mtu anajipigia tu: kila jimbo lina kanuni zake kuhusu leseni, msimu, na kuwinda usiku kwa mbwa na taa.

Wako mimi namwona ni nguchiro wa maji. Rangi ya kahawia iliyokolea, kilo tatu hivi, anatembea usiku kandokando ya matete akipapasa kaa na konokono kwenye tope. Vidole vyake havina utando, ndiyo maana vinatanuka hivyo. Akipata kitu kigumu hukiinua akakibamiza chini kipasuke. Hilo jiwe lako ndiyo meza yake.

Usimchanganye na fisi maji. Yule mwenye madoa shingoni ana utando kati ya vidole, anakula samaki, anaonekana zaidi asubuhi na jioni, na kwenda mbali na maji si kawaida yake. Aina nyingine, fisi maji mkubwa, anapita kilo kumi, ila vidole vyake vya mbele havina kucha, na wewe umeziona kucha. Kingine angalia kinyesi: cha fisi maji kimejaa magamba ya samaki au vipande vya kaa, na anarudia kukiacha sehemu ile ile juu ya mwamba.

Sasa sheria. Iko Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Mnyamapori ni mali ya umma hata akiwa kwenye banda lako. Kumuwinda au kumkamata kunataka leseni au kibali. Kitanzi na sumu ni njia zilizokatazwa. Hiyo sumu ya jirani ndiyo inanikera kuliko yote, maana italiwa na mbwa, kenge na tai kabla nguchiro hajafika. Sheria inakubali kujitetea wewe au mali yako, lakini ukiua kwa sababu hiyo unatoa taarifa mara moja, na mzoga si wako. Ngozi ni nyara ya serikali. Huyo mwenye soko mkimbie. Kesi ya nyara inaweza kufika miaka 30 jela.

Mama Vizimba Sengerema:
Kaka Askari, kwetu fisi maji anararua nyavu na kula sato waliokwishanaswa. Nasi hatuna haki ya kifuta jasho, yale malipo ya serikali kwa hasara ya wanyamapori?

Askari Mstaafu:
Dada yangu, kifuta jasho kimewekwa kwa wanyama hatari, kina tembo, kiboko, mamba na simba. Fisi maji hayumo. Pandisheni nyavu mapema kabla hajaamka vizuri, na kizimba cha kufugia samaki kiwe na wavu wa pili wa nje. Mkimkuta kanaswa, msimshike kwa mikono, anang'ata mpaka mfupa.

Mwenye Bata:
Asante mzee wangu. Kucha nimeenda kuziangalia tena asubuhi, zipo, na utando hakuna. Waya wa kitanzi nimeufungia geti. Banda nilizungushie wavu wa aina gani?

Askari Mstaafu:
Wavu wa chuma wa nusu inchi, ule laini wa kuku anaupenya au kuukunja. Uchimbie chini futi moja, mwisho wake ukunje kwa nje, maana anachimba. Kusanya mayai kabla ya magharibi, na fyeka matete yaliyogusana na banda. Akiendelea, pita kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu ofisi ya wanyamapori ya halmashauri au TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Wao wakiona inafaa wanakuja na mtego wa sanduku. Na mpwa wako mwambie akiumwa na huyo mnyama aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Jamii ya nguchiro wanaweza kubeba kichaa cha mbwa.

Kamanga Ferry:
Sawa, paka wa jirani naomba radhi kwa niaba yake. Wavu wa nusu inchi Mwanza mjini unauzwaje siku hizi?