Naomba ushauri: diski C imejaa, na diski ya picha inagonga

Wakuu, habari zenu. Kompyuta yetu ya nyumbani ina SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya GB 128 yenye Windows 10, ndiyo C, na HDD (diski ya kawaida inayozunguka) ya TB 1 yenye picha za familia. C bado ni nyekundu ingawa nimeshafuta mafaili ya muda kwa Disk Cleanup. Nikiandika powercfg -h off ili faili la hiberfil.sys (la kuilaza kompyuta kwa hibernate) liondoke, kuna madhara? (Defrag, yaani kupanga upya vipande vya mafaili, siigusi kwenye SSD; hiyo TRIM, amri inayoiambia SSD nafasi zipi hazitumiki tena, inaitosha.)

Kinachoninyima usingizi hasa ni HDD. Imeanza kugonga, na mafaili mengine yanachelewa kufunguka. Niendeshe chkdsk /r (ukaguzi wa Windows unaotafuta sehemu mbovu za diski) kwanza, au hiyo itaichosha zaidi na ni heri ninakili picha kabla ya chochote? Nyingine ni za marehemu mama, hazina nakala popote. Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.