Tupeane uzoefu: mgonjwa akifariki, mkataba wako unasemaje?

Mwenye uzi, Kangemi

Wenzangu mnaolea wazee na wagonjwa majumbani hapa Nairobi, naandika nikiwa na uchungu. Rafiki yangu amemlea mzee mmoja huko Loresho miaka 4. Jumatano iliyopita ndiye aliyemfumba macho. Akampigia simu binti wa mzee, akamwosha, akakaa naye hadi gari la mochari lilipofika saa kumi alfajiri. Ijumaa akatumiwa kwa M-Pesa mshahara wa siku 11 na ujumbe: "Asante kwa yote, Mungu akubariki." Hakuna notisi. Hakuna hata siku moja ya likizo iliyohesabiwa kwa ile miaka 4. Hata barua ya kumsaidia kutafuta nyumba nyingine hakupewa.

Katika kazi yetu, mgonjwa akienda na kazi inaenda naye. Mwalimu hafutwi kwa sababu mwanafunzi mmoja amehama. Sisi unamlilia mtu leo, kesho unatafuta pa kulala. Ndiyo maana nauliza: wewe una mkataba ulioandikwa? Uko kwenye chama? (Nasema chama cha wafanyakazi, si kile chetu cha kuchangiana Jumapili.) Na msiba ulipotokea, ulipewa nini?

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa anayelipwa kwa mwezi notisi ya siku 28 au pesa badala yake, likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka, na siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Haisemi popote kwamba mlezi wa nyumbani asipewe.

Tusitaje majina ya waajiri tafadhali. Simulia yaliyokupata.

Mama wa Kawangware

Pole sana kwa huyo dada. Mimi langu ni la usiku.

Nililea bibi wa miaka 83 mwenye ugonjwa wa kusahau. Tulielewana kwa mdomo: mchana kazi, usiku nalala chumba kimoja naye "kwa sababu tu asiwe peke yake". Nikaona ni sawa. Kumbe bibi halali. Saa sita anaamka anataka kwenda sokoni kuuza maharagwe, ana leso begani na amevaa kiatu kimoja. Namrudisha polepole, maana ukibishana naye analia. Saa nane ni choo. Saa kumi kasorobo tayari yuko mlangoni anaita watoto waliokwisha kuwa babu. Saa kumi na mbili mimi ndiye napika uji.

Mwakilishi wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa nyumbani, hoteli na hospitali, niliyekutana naye kwenye mkutano wa wafanyakazi wa nyumbani aliniambia kitu kimoja: nunua daftari. Nikanunua la kurasa 96. Kila bibi akiamka naandika saa, alichofanya, na saa aliyolala tena. Mwandiko wa usiku si mwandiko, lakini saa zinasomeka. Miezi 7 niliandika.

Nilipoishiwa nguvu na kuomba mtu wa zamu ya usiku, niliambiwa niondoke. Chama kikanisindikiza ofisi ya kazi. Mwajiri akasema usiku nilikuwa nalala tu. Afisa akafungua daftari, akasoma ukurasa mmoja kwa sauti, akafungua mwingine. Mama yule akanyamaza. Si mtu mbaya, naamini kweli hakuwa anajua, maana chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu. Amri ya jumla ya mishahara inasema saa 52 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko mara mbili. Tulikubaliana 58,000 kwa awamu mbili na nikalipwa zote.

Dada wa Umoja

Mimi nilikuwa nakataa NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, nasema nipewe zote mkononi. Sasa nina miaka 41 na ndiyo najua kwamba asilimia 6 ikikatwa kwangu, mwajiri naye lazima aweke asilimia 6 yake juu. Hesabu nilizotupa sitaki hata kuzikumbuka.

Na SHA, bima ya afya ya serikali, pia chunguzeni. Nilikuwa nakatwa asilimia 2.75 kila mwezi, hati ya mshahara inaonyesha. Mtoto akaugua, nikabonyeza *147#, nikakuta sijalipiwa miezi mitano. Ilibidi nikope hapo hapo hospitalini. Usingoje ugonjwa, bonyeza leo.

Mlezi wa kiume, Dagoretti Corner

Nitaeleza ya mkataba wa pamoja, ule tunaouita CBA, kwa sababu kwetu ulikubali.

Sisi hatukuajiriwa na familia. Tulikuwa chini ya ofisi inayosambaza walezi. Familia inalipa ofisi, ofisi inakulipa wewe, na pengo lililo katikati hulioni. Tulikuwa walezi 31. Tulipoanza kuuliza maswali tukaambiwa sisi si wafanyakazi wao bali ni wakandarasi wanaojitegemea. Lakini sare ni yao. Zamu wanapanga wao. Ukichelewa wanakata. Mkandarasi gani anaomba ruhusa ya kwenda kuzika?

Sheria ya Mahusiano ya Kazi inataka chama kipate wafanyakazi zaidi ya nusu ndipo mwajiri akitambue. Kwa hiyo tulihitaji 16 waweke sahihi kwenye fomu S, ile inayoruhusu ada ya chama kukatwa kwenye mshahara. Ukisema kumi na sita unaona ni wachache. Shida ni kwamba walezi hawakutani! Mmoja yuko Karen, mwingine Runda, mwingine Nyayo Estate, na kila mtu amefungiwa na mgonjwa wake. Mfanyakazi wa kiwanda anasubiri king'ora kilie, wenzake wote wako getini. Sisi tulikutana wapi? Kwenye foleni ya dawa, na Jumapili mchana kwa wenye ofu. Nilitembea na fomu zimekunjwa ndani ya Biblia miezi minne. Wawili walisaini kisha wakaomba kufutwa, wakiogopa. Tuliwaelewa. Ingawa sheria inakataza kumfuta mtu kwa kujiunga na chama, njaa haisomi sheria.

Tulifika 19. Kutoka kutambuliwa hadi mkataba ulipita karibu mwaka na nusu. Uliposajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ukawa sehemu ya mkataba wa kila mmoja wetu, hata wa yule ambaye hakusaini.

Mshahara uliongezeka kidogo, sitadanganya. Kilichobadilisha maisha ni vifungu vingine. Nauli ukitoka zamu usiku. Glavu na barakoa zinatoka ofisini, si mfukoni mwako. Na kile anachouliza mwenye uzi: mgonjwa akifariki au akihamia kwa jamaa, ofisi inaendelea kukulipa mshahara wa msingi siku 30 ikikutafutia nyumba nyingine. Kifungu hicho tulikipigania kuliko asilimia ya nyongeza. Meneja alisema hajawahi kukisikia popote. Mwenzetu mmoja akamjibu kwamba amezika wagonjwa watatu chini ya ofisi hiyo, na mara zote tatu kodi ya nyumba ilimshinda. Hapo ndipo mazungumzo yalipolegea.

Dada wa Umoja

Kaka, na sisi wa nyumba moja moja? Mimi niko peke yangu. Zaidi ya nusu ya mtu mmoja ni nani?

Mwenye uzi

Swali hilo ndilo linalonikosesha usingizi, dada. Chama kinaweza kukusimamia kama mwanachama mmoja, kama kilivyomsimamia Mama wa Kawangware. Lakini mkataba wa pamoja unahitaji mtu wa upande wa pili wa meza, na Nairobi hii upande wa pili ni maelfu ya sebule. Kinachobaki ni amri ya serikali ya mishahara. Ile iliyoanza Novemba 2024 iliweka 16,113.75 kwa mwezi hapa jijini kwa kundi walimo mtumishi wa nyumbani na yaya. Usipopewa makao unaongezewa asilimia 15 ya nyumba, inafika 18,530. Sisi tunaogeuza wagonjwa na kubadilisha mifuko ya mkojo tunatiwa humo humo, na mimi nasema hiyo si haki. Lakini angalau hicho ndicho kiwango cha chini, na wengi hawakifikii hata hicho.

Wa Githurai

Kuhusu mtu wa upande wa pili wa meza: dada yangu analea wazee Kent, jimbo la Washington huko Marekani, na shida yao ilikuwa hii hii. Kila mzee yuko kwake, kila mlezi yuko peke yake, serikali ndiyo inalipa lakini inasema si mwajiri. Mwaka 2001 wananchi wa jimbo hilo walipiga kura kupitisha pendekezo namba 775, ikaundwa mamlaka moja ya kujadiliana na walezi wote kwa pamoja. Chama chao, SEIU 775, kimebeba namba ya kura hiyo hadi leo.

Dada yangu ananitumia picha za hati yake ya mshahara. Kwa kila saa anayofanya, kuna kinachowekwa kwenye mfuko wa kustaafu. Likizo yenye malipo inajikusanya kwa saa. Akifikisha saa 80 kwa mwezi anastahili bima ya afya. Mafunzo ya kuanzia ni saa 75 na alilipwa akiwa darasani. Kazi ni ngumu vilevile, mgongo unamuuma vilevile, na mzee akifariki saa zake zinapungua. Ila bima yake haifi usiku huo huo.

Huko pesa zinatoka serikalini, hapa zinatoka mfukoni mwa familia. Najua si sawa. Nimeleta mfano wa ile meza tu.

Binti wa mgonjwa, South B

Mniruhusu, mimi niko upande wa waajiri. Mama alipata kiharusi 2021. Tuko ndugu wanne. Kaka wa Mombasa anatuma pesa, dada wa Qatar anatuma pesa, mimi nanunua nepi na dawa, mdogo wetu anaishi na mama. Mlezi akiomba ofu, kila mmoja anamwambia muulize mwingine. Akiomba nyongeza, tunajadili kwenye kundi la WhatsApp wiki tatu, kisha mtu anatuma picha ya harusi na habari inaisha hapo. Hatukuwa na nia mbaya. Lakini mtu huyo hakuwa na mwajiri, alikuwa na kamati.

Yeye ndiye aliyeleta karatasi mbili, alisaidiwa na chama. Mstari wa kwanza ulikuwa na nafasi tupu: jina la mwajiri. Tulibishana juu ya nafasi hiyo kuliko juu ya pesa. Mwishowe nikaandika langu, na ndugu zangu wakakubali kunitumia michango yao kabla ya tarehe 28. Tangu siku hiyo hajacheleweshewa mshahara. Tumeandika pia kwamba mama akituacha, atalipwa mwezi mmoja na kupewa barua. Kuandika sentensi hiyo mama akiwa chumba cha pili akisikiliza redio kulikuwa kugumu sana. Mlezi ndiye aliyenishika mkono.

Wa Kibera, Makina

Dada wa South B, Mungu akulinde.

Langu fupi. Nilikuwa namhamisha mzee wa kilo 90 kutoka kitandani hadi kiti cha magurudumu. Kawaida namwambia "moja, mbili, tatu" tunanyanyuka pamoja. Siku hiyo mguu wake ulikataa kwenye "tatu", uzito wote ukanijia, nikasikia kitu kiunoni kama kamba imekatika. Sikumwangusha. Nilikaa chini naye mapajani hadi askari wa geti aliposikia.

Sikujua kwamba Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inanihusu hata mimi. Nilijinunulia dawa za maumivu, nikarudi kazini siku ya tatu. Mwenzangu wa chama alipojua alinigombeza: mwambie mwajiri mara moja, kwa maandishi, na yeye anatakiwa kuripoti ndani ya siku 7. Mimi nilikuwa na nini? Risiti za duka la dawa. Hadi leo siwezi kuinama kufua.

Mwenye uzi

Pole, mama. Nimesoma yenu yote na rafiki yangu ameyasoma pia, tumekaa naye jana.

Hana mkataba. Lakini kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba mwajiri asipoleta mkataba ulioandikwa, ni yeye wa kuthibitisha kwamba anachosema mfanyakazi si kweli. Na malalamiko kwa afisa wa kazi yanapelekwa ndani ya miezi 3 tangu kuachishwa, kwa hiyo wakati bado tunao. Tumechapisha taarifa yake ya M-Pesa pale stejini, kurasa 11, tukapiga mstari kwa kalamu nyekundu kila mshahara. Mara 47 jina ni moja, la binti wa mzee. Mwezi mmoja haupo, wakati wa kufungwa kwa shule alipolipwa taslimu, na huo ameukumbuka vizuri kwa sababu alinunua viatu vya mtoto.

Jumatatu saa mbili asubuhi tunaenda ofisi ya kazi. Hataki ugomvi na familia ile. Ameniambia matanga yakiisha atapita kumsalimia mjane, maana rafiki yangu ndiye anayejua mzee alisema nini mwisho.