Mrejesho: skrabu ya sukari iliyokuwa ikiota ukungu

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini skrabu yangu ya sukari na mafuta ya nazi, yaani mchanganyiko wa kusugulia ngozi, ilikuwa ikijitenga na kuota ukungu kabla ya wiki mbili kwisha. Nilifuata ushauri wa kuacha kabisa maji ya limau, nikapima vikombe 2 vya sukari kwa kikombe 1 cha mafuta, na badala ya kuchota kwa vidole vilivyolowa nikawa natumia kijiko kikavu. Sasa ni wiki ya 6 na sijaona doa wala kusikia harufu mbaya. Ngozi ya viwiko, iliyokuwa ikikwaruza hadi mikono ya shati, imelainika.

Kujitenga, hata hivyo, hakujaisha. Mafuta hupanda juu wakati wa joto, kisha huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, kwa hiyo asubuhi za baridi nakuta tabaka gumu jeupe ambalo hulazimika kulikoroga. Chumvi badala ya sukari niliijaribu mara moja tu, tena siku niliyotoka kunyoa miguu, na jinsi ilivyowasha sitaki hata kusimulia. Aliyeonya kati yenu kwamba mafuta hufanya sakafu ya bafu iteleze alisema kweli. Siku hizi najisugua nikiwa nimekaa.