Play Console inakataa programu ya Flutter: "16 KB page size". Nirekebishe wapi?

Swali: Wakuu, habari za kazi. Programu yetu ya Android, tuliyoijenga kwa Flutter (zana ya Google ya kuunda programu za simu), inasoma msimbo pau kwa kamera na kuhifadhi mauzo kwenye SQLite (hifadhidata ndogo ya ndani ya simu). Play Console (tovuti ya Google ya kupeleka programu dukani) inasema haifanyi kazi kwenye kurasa za kumbukumbu za KB 16, yaani vipande ambavyo mfumo hugawia kumbukumbu. Hakuna hata mstari mmoja wa C++ tulioandika. Tatizo linatoka wapi?

Jibu 1: Mkuu, C++ hamkuiandika ila mmeibeba. Injini ya Flutter ni faili la .so (maktaba ya msimbo uliokwisha kukompailiwa), na plagini (vifurushi vya nyongeza) za SQLite na msimbo pau mara nyingi huja na .so zao. Android ilizoea kurasa za KB 4. Tangu Android 15 simu inaweza kutumia za KB 16, na .so iliyopangwa kwa KB 4 hugoma kupakiwa humo, programu ikajifunga papo hapo. Google Play imeanza kudai hili tarehe 1 Novemba 2025 kwa programu zinazolenga Android 15 kwenda juu.

Msibahatishe. Fungueni APK (faili la programu yenu) kama zip, ingieni lib/arm64-v8a, kisha kwa kila faili:

llvm-objdump -p libjina.so | grep LOAD

Tazameni thamani ya align: 2**14 (KB 16) ni salama. 2**12 (KB 4) ndiyo mbovu. Folda ya armeabi-v7a iacheni, sharti ni la biti 64 tu.

Jibu 2: Naongezea, maana hapa wengi hukwama: mipangilio ni miwili. Kuna wa ndani ya .so, na kuna wa .so ndani ya APK. Android Gradle Plugin (zana inayofungasha APK) 8.5.1 inatengeneza huu wa pili tu. Ukaguzi wake:

zipalign -c -P 16 -v 4 programu.apk

Wa kwanza unategemea aliyekompaili. NDK (zana za Google za kukompaili C++ kwa Android) r28 hupanga KB 16 yenyewe; r26 kushuka chini inahitaji -Wl,-z,max-page-size=16384.

Muulizaji: Asanteni sana. Yenye 2**12 ni ya msimbo pau peke yake, na plagini haijasasishwa muda mrefu. Simu ya KB 16 hatuna, tutajaribia wapi?

Jibu 3: Plagini iliyotelekezwa iondoeni. Maktaba ya kusoma msimbo pau ya ZXing ni Java tupu, haina .so, kwa hiyo tatizo linaisha hapo. Ila kwa lebo zilizochakaa ijaribuni vizuri kabla ya kuipeleka dukani.

Kwa majaribio, pakueni kwenye Android Studio emuleta yenye maandishi "16 KB Page Size". Kwanza hakikisheni:

adb shell getconf PAGE_SIZE

Ikijibu 4096, mmewasha emuleta isiyo yenyewe. Tena programu kufunguka tu hakutoshi: Android 16 ina hali ya kuvumilia .so za KB 4, huku ikionyesha onyo. Skanini, hifadhini mauzo, zimeni, fungueni tena. Msimbo wa C++ uliokariri 4096 huweza kupita kwenye llvm-objdump, kisha mmap (ombi la kumbukumbu kwa mfumo) ikaukataa programu ikiwa kazini.